Viza ya Kazi ya Mkahawani: Nani Anailipia?

Tangazo ni lilelile, liwe limetumwa Mombasa, Arusha, Kampala au Bujumbura. Picha ya mkahawa unaong'aa, orodha ya kazi (wahudumu wa meza, wapishi, barista, waosha vyombo), kisha maneno yanayovutia macho: viza ipo, malazi yapo, chakula kipo. Chini kabisa kuna nambari ya simu. Wengi wetu tukilisoma tunakimbilia kuuliza mshahara. Ningemshauri kijana yeyote aanze na swali jingine: mpaka siku mshahara wa kwanza utakapoingia, ni pesa ngapi zitakuwa zimetoka mfukoni mwangu, na zitakuwa zimekwenda kwa nani? Nimepitia mikataba na matangazo mengi ya aina hii, na naamini swali hilo moja linachuja ofa nzuri na mbaya kuliko tarakimu ya mshahara.

Sababu iko kwenye sheria yenyewe. Kudhaminiwa viza ni mwajiri kuiomba serikali yake ruhusa ya kukuleta wewe, kwa jina lako, ufanye kazi fulani kwake. Yeye ndiye muombaji, na katika nchi nyingi zinazopokea wafanyakazi sheria imemtwika yeye gharama. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu iliyoanza kutumika Februari 2022 inakataza, katika kifungu cha 6, mfanyakazi kutozwa gharama za kuajiriwa. Saudi Arabia, kifungu cha 40 cha sheria ya kazi kinamtaka mwajiri alipie uletaji wa mfanyakazi, kibali cha kazi, iqama (kibali cha ukaazi) na tiketi ya kurudi mkataba ukiisha. Kanada inamtoza mwajiri dola 1,000 za huko kwa kila nafasi anayotaka kuijaza na mgeni, na inamkataza kuzidai kwako. Hata Mkataba nambari 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umejengwa juu ya kanuni kwamba wakala wa ajira hamtozi anayetafuta kazi.

Kwa hiyo mtu anapokwambia "lipia viza", ama anakuuzia kitu ambacho mwajiri ameshakilipia, ama anakuuzia kitu ambacho hakipo.

Tuipige hesabu kwa shilingi. Tuseme wakala anataka Sh150,000 za Kenya kwa kazi ya mhudumu Doha inayolipa riyal 1,000 kwa mwezi, chakula na malazi juu ya mwajiri. Riyal ya Qatar imefungwa kwenye dola kwa 3.64, kwa hiyo mshahara huo ni takriban dola 275, yaani kama Sh35,000. Mtu anayejibana sana, anayenunua vocha, sabuni na vitu vidogo tu, anaweza kutuma nyumbani Sh25,000. Miezi sita ya kwanza yote ni ya wakala. Kama pesa hizo zilikopwa kwa riba, au shamba liliwekwa rehani, ni miezi minane au zaidi. Mkataba ni wa miaka miwili, na robo yake au zaidi imeshaliwa kabla mama hajaona bati hata moja la nyumba aliyoahidiwa. Ubaya zaidi ni kwamba mwenye deni hawezi kusema hapana. Msimamizi akimwongezea saa mbili bila malipo, akimkatia mshahara kwa sahani iliyovunjika, atavumilia, kwa sababu kurudi nyumbani maana yake ni kurudi kwenye deni.

Kuna gharama ambazo ni zako kwa haki, nazo si kubwa. Pasipoti ya kawaida ya kurasa 34 nchini Kenya ni Sh7,500. Tanzania ni Sh150,000 za huko. Cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi Kenya ni Sh1,050. Kuna vipimo vya afya, ambavyo kwa nchi za Ghuba hufanywa kwenye vituo vilivyoidhinishwa tu, na ukilipa unalipa kituoni na kupewa risiti. Kuna kuthibitisha vyeti vya shule na vya upishi. Hizo ni gharama za karatasi zako wewe, na hata safari ikivunjika, pasipoti na vyeti vinabaki vyako.

Doha, Dubai, Riyadh, Muscat

Kwa mhudumu au mpishi wa kawaida kutoka kwetu, mlango ulio wazi kweli ni Ghuba. Lakini nchi hizo hazifanani, na anayesema "Uarabuni ni Uarabuni" anapoteza pesa.

Qatar ndiyo pekee kati ya hizi nne iliyoweka kima cha chini cha mshahara kwa wafanyakazi wote bila kujali taifa. Tangu Machi 20, 2021, hakuna mshahara wa msingi unaoruhusiwa kuwa chini ya riyal 1,000 kwa mwezi. Mwajiri asipokupa malazi aongeze 500, asipokupa chakula aongeze 300. Kwa hiyo kuna ofa mbili utakazokutana nazo: 1,000 na kila kitu kwake, au 1,800 ujitegemee. Ya pili inaonekana kubwa karibu mara mbili. Kwa anayefika mara ya kwanza, asiyejua mtaa wala bei, mimi ningechukua ya kwanza bila kusita, kwa sababu kitanda na chakula Doha vinaweza kumeza nyongeza hiyo yote na mwajiri akawa amejiondolea mzigo. Ila uliza neno moja muhimu kuhusu chakula: ni cha kila siku, au cha siku za zamu tu? Mikahawa mingi huwalisha wafanyakazi wakiwa kazini, na siku ya mapumziko unajinunulia.

Qatar pia imeondoa sharti la barua ya ruhusa ya mwajiri kwa anayetaka kuhamia kazi nyingine. Unatoa notisi ya mwezi mmoja ikiwa umekaa miaka miwili au chini yake, miezi miwili ukizidisha. Jambo hili lina thamani ya pesa. Mhudumu aliyeanzia mgahawa mdogo kwa riyal 1,000, akajifunza mashine ya kahawa, anaweza kuhamia hoteli inayolipa zaidi bila kurudi nyumbani na kuanza upya.

Falme za Kiarabu hazina kima kama hicho kwa mgeni wa mkahawani. Kila kitu kinategemea kilichoandikwa kwenye mkataba, na hapo ndipo watu wetu wanapoumia bila kujua. Chukua ofa mbili za Dubai, zote za dirham 1,500. Ya kwanza imeandikwa mshahara wa msingi 600, posho 900. Ya pili, msingi 1,200, posho 300. Mwisho wa mwezi pesa inayoingia benki ni ileile. Lakini kiinua mgongo hupigwa kwa mshahara wa msingi peke yake, siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza. Baada ya miaka miwili, wa kwanza anaondoka na dirham 840, wa pili na 1,680. Saa za ziada nazo ni hivyohivyo: malipo ni mshahara wa saa, kwa hesabu ya msingi, ukiongezewa robo. Wa kwanza analipwa kama dirham 3 kwa saa, wa pili kama 6. Jikoni ambamo wateja wa usiku hawaishi mapema, tofauti hiyo inajilimbikiza mwezi hadi mwezi. Basi mtu akikutajia "mshahara 1,500", mwambie akuonyeshe mstari wa msingi.

Saudi Arabia haina kima cha chini kwa wageni, lakini kiinua mgongo chake hukokotolewa kwa mshahara pamoja na posho za kawaida, nusu mwezi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo. Ukijiuzulu kabla ya kutimiza miaka miwili, hupati kitu. Mageuzi yaliyoanza Machi 2021 yameruhusu wafanyakazi wa kampuni kuhama mwajiri na kusafiri kwa masharti, na mikataba husajiliwa kwenye mfumo wa serikali uitwao Qiwa. Mkahawa unaokuajiri ukikwambia mkataba wako "hauhitaji" kuwa Qiwa, kaa mbali nao. Na hakikisha viza ni ya kampuni. Wapo waliokwenda kama wapishi wa mkahawa, kumbe karatasi zinasema wafanyakazi wa nyumbani. Hao wanaangukia kwenye kanuni nyingine kabisa, na kuhama kwao ni kugumu zaidi.

Oman haitajwi sana kwenye matangazo, nami naona inadharauliwa bila sababu. Sheria mpya ya kazi ya mwaka 2023 imeweka saa 40 kwa wiki, wakati Qatar, Falme za Kiarabu na Saudia bado ni 48, na kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa mwezi mzima kwa kila mwaka. Ziko familia Muscat zinazozungumza Kiswahili hadi leo, na kwa mtu wa Unguja, Pemba au Lamu, hilo ni jambo la kupumulia siku ya kwanza ugenini. Upungufu wake ni kwamba soko ni dogo, na serikali ya huko imezifunga kazi nyingi kwa ajili ya raia wake, kwa hiyo nafasi ni chache.

Njia ya viza ya kutembea

Hii ndiyo inayouzwa sana Nairobi na Dar es Salaam: nenda Dubai kwa viza ya utalii, utapata kazi ukifika. Wapo waliofanikiwa, na ndiyo maana haifi. Lakini uipime kwa gharama zake zote. Tiketi ni yako. Viza ni yako. Kitanda kwenye chumba cha watu wengi ni chako, na chakula, na nauli ya metro ya kuzungusha wasifu kwenye mikahawa ya Deira na Marina. Muda wa viza ukiisha kabla hujapata kitu, faini ni dirham 50 kwa kila siku. Mwezi mmoja wa kuchelewa ni dirham 1,500, mshahara mzima wa kazi uliyokuwa unaitafuta.

Halafu kuna hatari ya kuanzishwa kazi "kwa majaribio" ukiwa bado na viza ya kutembea. Hilo ni kosa kisheria, na tangu 2024 mwajiri anayemtumikisha mtu bila kibali anaweza kutozwa faini ya kuanzia dirham 100,000 hadi milioni moja. Mwajiri anayeogopa faini hiyo akisikia wakaguzi wanakuja, hatakuficha, atakukana. Wiki tatu ulizoosha vyombo hazitalipwa, na wewe hutakuwa na karatasi ya kudai.

Ukishaletewa viza kwenye simu, keti na karatasi hiyo uisome kama unavyosoma dawa ya mtoto. Juu inasema ni kibali cha kuingia cha aina gani, cha ajira au cha utalii? Mdhamini ni nani? Kama umeambiwa unakwenda mkahawani na jina la mdhamini ni la kampuni ya safari, basi hiyo ni viza ya kutembea, hata aliyekuuzia aape kwa Mungu. Kazi iliyoandikwa ni ipi? Mpishi anayeingia kwa jina la kibarua wa usafi atalipwa kama kibarua wa usafi siku mkivutana. Barua rasmi ya ofa ya Falme za Kiarabu ina nambari, na nambari hiyo huulizwa kwenye tovuti au programu ya Wizara ya Rasilimali Watu ya huko bila malipo. Kwa dakika kumi za kukagua unaweza kuokoa laki moja na nusu.

London na Toronto

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu milango imekaribia kufungwa, na kila mwezi watu wetu wanauziwa funguo za milango hiyo.

Uingereza haijawahi kudhamini wahudumu wa meza wala waosha vyombo kwa viza yake ya wafanyakazi wenye ujuzi. Wapishi walikuwamo, na wengi walipita. Lakini tangu Julai 22, 2025, viza hiyo imepandishwa hadi kazi za kiwango cha shahada, na kima cha kawaida cha mshahara ni pauni 41,700 kwa mwaka. Mpishi aliyeko nje ya Uingereza leo hawezi kuombewa viza hiyo kwa mara ya kwanza, wala msimamizi wa mkahawa. Orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini ni ya wazi na mtu yeyote anaweza kuisoma, na matapeli wanaitumia vizuri: wanakuonyesha jina la mkahawa halisi lililo kwenye orodha. Jina ni la kweli. Nafasi haipo.

Kanada bado ina njia, nyembamba. Mwajiri lazima apate kwanza idhini iitwayo LMIA, inayothibitisha kwamba amekosa Mkanada wa kazi hiyo. Tangu Septemba 26, 2024, kwa kazi za mshahara wa chini, ambazo ndizo kazi nyingi za mikahawa, serikali haipokei maombi kutoka miji mikubwa yenye ukosefu wa ajira wa asilimia 6 au zaidi. Mkahawa kwa kawaida hauruhusiwi kuwa na wageni wa aina hiyo zaidi ya asilimia 10 ya wafanyakazi wake. Na kibali ni cha mwaka mmoja. Kinachobaki ni miji midogo na barabara kuu za mikoani. Ukiipata kweli, masharti ni mazuri: kwenye kundi hilo mwajiri hulipia safari ya kwenda na kurudi na kuhakikisha una makazi ya bei nafuu. Wewe hulipa ada ya kibali dola 155 na alama za vidole dola 85, za Kanada. Jumla ni dola 240, unazozilipa serikalini kwa jina lako. Anayekuuzia "LMIA" kwa maelfu ya dola anauza kitu ambacho sheria inakataza kuuzwa, na akigundulika anayepoteza kibali ni wewe.

Marekani ina mlango wa ukaazi wa kudumu kwa wafanyakazi wasio na ujuzi maalumu, ambao mikahawa ya vyakula vya haraka huutumia. Sheria imeuwekea ukomo wa viza 10,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na foleni ni ya miaka. Vikwazo vya kuingia vilivyotangazwa mwaka 2025 vimewagusa raia wa Burundi, kisha Tanzania. Asiuze mtu ng'ombe kwa ajili ya mlango huu.

Ujerumani: kulipa kwa muda

Njia ambayo naona haijazungumzwa vya kutosha kwa Kiswahili ni ya kujifunzia upishi Ujerumani. Inaitwa Ausbildung, mafunzo ya kazi ambamo unakuwa mkahawani au hotelini siku nyingi za wiki na shuleni siku zilizobaki, na unalipwa kote. Mafunzo ya upishi kamili ni miaka mitatu. Tangu 2022 kuna pia cheti cha msaidizi wa jikoni cha miaka miwili. Kima cha chini cha posho kwa wanaoanza mwaka 2026 ni euro 724 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, na hupanda kila mwaka. Hoteli nyingi zinalipa zaidi ya hapo. Ada ya viza ni euro 75. Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi Septemba 13, 2024, mjini Berlin, lakini njia ya mafunzo iko wazi hata kwa asiye Mkenya, mradi apate mwajiri.

Bei yake ni lugha. Utatakiwa Kijerumani cha kiwango cha B1 hivi, na kwa anayesoma kila siku hiyo ni miezi minane hadi mwaka mzima, bila mshahara, na ada za masomo na mitihani juu. Kuna taasisi ya Goethe Nairobi na nyingine Dar es Salaam, na walimu wa mitaani wa bei nafuu zaidi; mtihani ndio lazima ufanywe mahali panapotambulika. Posho ya mwaka wa kwanza nayo haitoshi kutuma nyumbani. Ikiwa haikidhi gharama za maisha kwa hesabu ya ubalozi, utatakiwa uonyeshe akiba kwenye akaunti maalumu iliyofungwa.

Kwa hiyo katika miaka mitatu ya kwanza, mwenzako aliyekwenda Doha atakuwa ametuma pesa nyingi kuliko wewe, na kijijini watasema umekwenda kupoteza muda. Baada ya hapo hesabu inageuka. Kima cha chini cha Ujerumani tangu Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa, ambacho kwa wiki ya saa 40 ni takriban euro 2,400 kwa mwezi kabla ya kodi na bima, na mpishi mwenye cheti hupata zaidi ya kima cha chini. Aliyehitimu huko na kufanya kazi miaka miwili anaweza kuomba ukaazi wa kudumu akitimiza masharti. Ghuba haina kitu cha namna hiyo kwa mhudumu wa mkahawani. Siku kazi ikiisha, na ukaazi unaisha.

Bure nayo ichunguzwe

Nimesisitiza sana kwamba mwajiri ndiye wa kulipa, na lazima niweke mpaka hapo, kwa sababu wapo wanaolipia kila kitu kwa nia mbaya. Mpango wa Alabuga Start, huko Tatarstan nchini Urusi, uliwaita wasichana wa Kiafrika wa miaka 18 hadi 22 kwa tiketi ya bure na mafunzo ya kazi, pamoja na kazi za upishi na ukarimu. Oktoba 2024 shirika la habari la AP lilichapisha maelezo ya wasichana waliofika, wakiwamo kutoka Uganda, Rwanda na Kenya, kwamba walipelekwa kiwandani kuunda droni za kivita na kushika kemikali zilizowachubua ngozi. Vijana wengine wa Kenya na Uganda waliitikia kazi zilizotangazwa Thailand wakajikuta wamevushwa mpaka hadi Myanmar, wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni.

Dalili ya hatari katika ofa za namna hiyo ni ukungu unaomzunguka mwajiri. Mkahawa wa kweli una jina, mtaa, menyu, picha za wateja, na meneja anayeweza kukuhoji kwa video huku nyuma yake jiko linaonekana. Atakuuliza unabebaje sahani tatu, unamjibuje mteja aliyeletewa nyama mbichi, umewahi kufunga hesabu za usiku au la. Anayekuajiri ndani ya dakika tano bila kukuuliza lolote kuhusu kazi, huenda ana kazi nyingine akilini.

Basi wapi pa kutafuta? Kwanza kwa waajiri wenyewe. Kampuni ya Americana inaendesha KFC, Pizza Hut na Hardee's katika nchi nyingi za Kiarabu. Alshaya ya Kuwait inaendesha Starbucks. Marriott, Hilton na Accor wana hoteli kila mji mkubwa wa Ghuba. Wote wana kurasa zao za ajira, na kutuma maombi ni bure. Ushindani ni mkali, ndiyo, lakini mtu aliyefanya kazi mwaka mmoja au miwili kwenye hoteli ya Diani au Nungwi, mwenye cheti cha Utalii College ya Nairobi au cha chuo cha VETA cha utalii Njiro, Arusha, ana kitu cha kuweka mezani. Huo mwaka mmoja wa hoteli ya nyumbani, hata kwa mshahara mdogo, ni uwekezaji bora kuliko ada ya wakala yeyote.

Pili ni mawakala wenye leseni. Kenya, orodha yao iko kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Tanzania Bara, ulizia kwa TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira. Uganda, mfumo wa Wizara ya Jinsia na Kazi unaonyesha kampuni na hata nafasi zilizoidhinishwa. Leseni iangaliwe tarehe, maana huisha. Na wakala mwenye leseni akiombwa barua ya mahitaji kutoka kwa mwajiri, inayotaja idadi ya wahudumu na mshahara wa msingi, anapaswa kuitoa bila kununa.

Ningekuwa na mdogo wangu wa miaka 20, hana mtoto, kichwa chake chepesi kwa lugha, ningemsukuma Ujerumani na kumvumilia mwaka wa masomo. Mama mwenye watoto wawili na ada ya shule ya muhula huu, ningemtafutia Doha, msingi 1,000 na kitanda na chakula, kwa mwajiri anayelipia tiketi. Mpishi aliyeiva, mwenye miaka mitano ya jiko la hoteli, aombe Dubai au Muscat moja kwa moja na abishanie mshahara wa msingi kabla ya kusaini. Na zile Sh150,000 zilizokuwa ziende kwa wakala, yeyote kati yao azikabidhi kwa ndugu anayemwamini, akiacha na nakala ya mkataba na ya viza. Mwajiri akigoma kulipa, Falme za Kiarabu mfanyakazi ana miaka miwili tangu kazi kuisha ya kupeleka dai, Qatar ana mwaka mmoja. Kesi huchukua wiki au miezi, na mwenye nauli ya kurudi nyumbani anaweza kuisubiri.